Shule Iliyopita Juu ya Milima

Juma hili ukurasa wetu wa nyumbani unavuka bahari kwenda Marekani, wala si kwa ajili ya kutazama majumba marefu ya New York. Twende katika jimbo la Kentucky, upande wa mashariki, ambako milima ya Appalachia imekatwakatwa na vijito hata ardhi ikawa kama kitambaa kilichofinyangwa mkononi. Mabonde ya huko ni membamba mno. Kijito, barabara, reli ya makaa ya mawe na nyumba za watu vyote hugombea ukanda mmoja wa ardhi, na jua huchelewa kufika asubuhi na huwahi kuondoka jioni. Humo ndimo lilimojengeka shirika la televisheni ambalo, kwa maoni yangu, wazazi na walimu wa nchi zetu wangefaa kulijua.

Kwanza tufahamu jinsi picha inavyosafiri. Mawimbi ya televisheni hayana tabia ya mawimbi ya redio ya masafa marefu, ambayo huweza kuruka milima na bahari. Yenyewe huenda karibu sawasawa na mstari ulionyooka, kama mwanga wa kurunzi. Yakikuta mlima hukoma hapo. Mtu aliyejenga chini ya genge aweza kuishi karibu kabisa na mnara na asipate ila chenga tupu. Kwa sababu hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1940, wakazi wa baadhi ya miji ya milimani huko Marekani walianza kusimamisha antena kileleni na kuvuta waya hadi nyumbani, kazi iliyokuja kuwa biashara kubwa ya televisheni ya waya. Lakini waya una bei yake. Aliyeshindwa kulipa alibaki na chenga zake.

Mfanyabiashara wa televisheni huishi kwa matangazo ya sabuni na magari, kwa hiyo kabla ya kusimamisha mnara huhesabu macho yatakayotazama. Bonde lenye nyumba chache halimlipi. Mnara wa kilimani hugharimu fedha ile ile, au zaidi, ingawa chini yake wanakaa watu wachache. Hesabu hiyo haina ubaya kwa mwenye duka, ila ikiachwa peke yake, watu wa mabondeni watakuwa wa mwisho siku zote.

Mwaka 1962 Bunge la Kentucky lilipitisha sheria ya kuanzisha mamlaka ya televisheni ya elimu. Aliyeisukuma kazi hiyo zaidi ya wengine ni O. Leonard Press, mwalimu wa utangazaji katika Chuo Kikuu cha Kentucky, mjini Lexington. Ilipita miaka sita ya kuomba fedha, kutafuta vilele na kujenga, na tarehe 23 Septemba 1968 Kentucky Educational Television, yaani KET, ikaanza kurusha vipindi. Makao yake yakawa Lexington, penye nyanda za farasi na majani mazuri, lakini minara yake ikasambazwa jimbo zima: huku mashariki ikasimama kwa ajili ya Ashland, Morehead, Hazard, Pikeville na Somerset. Penye mabonde yaliyojificha zaidi paliwekwa mitambo midogo ya kupokea mawimbi na kuyarusha tena chini. Leo shirika lina vituo 16 ambavyo hulifikia karibu jimbo lote. Press mwenyewe aliliongoza hadi mwaka 1991.

Kentucky haikuanza jambo hili na televisheni. Morehead, mojawapo ya miji niliyoitaja, iko katika wilaya ya Rowan, na huko mwaka 1911 msimamizi wa shule aliyeitwa Cora Wilson Stewart alifungua madarasa ya watu wazima wasiojua kusoma. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mama mmoja alikuwa akimletea barua za binti yake aliyehamia Chicago, amsomee na amwandikie majibu. (Kina mama wangapi kwetu wamewahi kupeleka siri za watoto wao kwa jirani ili zisomwe?) Walimu walijitolea kufundisha usiku baada ya kazi ya mchana, na kwa kuwa njia za milimani hazikuwa na taa, zilichaguliwa nyakati za mbalamwezi. Ndiyo maana zikaitwa Shule za Mbalamwezi. Usiku wa kwanza, tarehe 5 Septemba, walitarajiwa watu wapatao 150. Walikuja karibu 1,200, wa umri wa miaka 18 hadi 86.

Bibi Stewart alitambua jambo ambalo sisi tuliopita vyuo vya ualimu huwa tunalisahau upesi. Mtu mzima hapendi kupewa kitabu cha mtoto. Ukimwekea mbele mzee mwenye wajukuu sentensi za paka na mpira, umekwisha kumtukana kabla hajafungua kinywa. Kwa hiyo alichapisha kijigazeti chenye maneno mepesi na habari za wilaya yao wenyewe, ili mwanafunzi aone kwamba anasoma gazeti kama watu wazima wengine wasomavyo.

Kisha katika miaka ya 1935 hadi 1943, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, serikali ya Rais Roosevelt iliwalipa wapanda farasi, wengi wao wanawake, wapeleke vitabu na magazeti katika nyumba za milima hiyo hiyo. Walipita mitoni na magengeni kwa farasi na nyumbu. Magazeti yaliyochakaa waliyakata, wakabandika maelezo ya mapishi na michoro ya kushona mablanketi ya viraka katika madaftari, na madaftari hayo yakazungushwa nyumba hadi nyumba. Nayataja kwa sababu ukurasa huu ni wa nyumbani, na ni vema ijulikane kwamba mapishi nayo yaliwahi kubebwa kwa nyumbu.

Basi, KET ilipokuja, ilikuta watu waliozoea elimu kuwafuata. Mwanzoni ilirusha zaidi vipindi vya shule wakati wa mchana. Lakini shida kubwa ya jimbo ilikuwa kwa wazazi. Hata kufikia mwaka 1980, waliomaliza shule ya sekondari miongoni mwa watu wazima wa Kentucky walizidi nusu kwa kiasi kidogo tu, na milimani hali ilikuwa mbaya zaidi. Wavulana waliingia machimboni mapema, wasichana waliolewa mapema. Machimbo yalipopunguza wafanyakazi, waajiri wengine walidai cheti.

Marekani upo mtihani uitwao GED, ulioanzishwa mwaka 1942 kwa ajili ya askari waliokatiza masomo, na anayefaulu hupata cheti kinachohesabiwa kuwa sawa na cha sekondari. Tangu katikati ya miaka ya 1970, KET ilitengeneza mfululizo wa vipindi vya kuwatayarisha watu kwa mtihani huo, na miaka ya 1980 mpango ukapanuliwa. Mtu alipiga simu akajiandikisha, akaletewa vitabu vya mazoezi kwa posta, akafuata masomo katika televisheni ya sebuleni kwake. Vipindi hivyo vilisambaa hadi majimbo mengine ya Marekani.

Pengine msomaji atauliza: kwani hapakuwa na madarasa ya jioni? Yalikuwapo. Lakini fikiri mama mwenye watoto watatu, anayeishi mwisho wa barabara ya bonde, hana gari wala wa kumwachia watoto. Tena hata angepata gari, darasa liko katika mji ambamo kila mtu anamjua. Mlangoni atakutana na aliyesoma naye, ambaye sasa ndiye mwalimu. Umbali wa barabara waweza kupimwa. Umbali wa aibu haupimwi, nao ndio uwarudishao wengi nyumbani. Televisheni haikuuliza ni nani anayetazama. Mama alifungua kitabu chake baada ya kuosha vyombo, akakosea hesabu zake bila shahidi. Mimi naona hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote ambazo shirika hilo limefanya, ingawa haina sherehe wala haionekani katika picha.

Sitaki kuficha upungufu. Televisheni haisikii swali. Haijui kwamba mwanafunzi amesinzia, au kwamba mume amebadilisha stesheni ili atazame mpira wa kikapu, mchezo ambao huko Kentucky ni karibu na ibada. Mtihani wenyewe haukufanywa sebuleni bali katika kituo rasmi, na hapo lazima mtu atoke nje mchana kweupe. Kwa hiyo yule anayedhani kwamba mnara unaweza kuchukua nafasi ya mwalimu amekosea. KET yenyewe iliweka simu na vitabu, na ilishirikiana na vituo vya elimu ya watu wazima, kwa kuwa ilijua hivyo.

Kwa watoto wa shule, hatua iliyofuata ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980. Shule ndogo ya milimani haiwezi kuajiri mwalimu wa fizikia kwa ajili ya wanafunzi saba. Shule za umma ziliwekewa madishi ya setilaiti, somo likafundishwa moja kwa moja kutoka Lexington, na mwanafunzi akajibu maswali kwa kubonyeza vitufe vya kibao kidogo, majibu yakamfikia mwalimu papo hapo. Katika habari za siasa, tangu mwaka 1974 kuna kipindi cha waandishi wa habari wa jimbo wakijadili mambo ya serikali yao. Nacho kimefuatiliwa kwa miaka mingi.

Sasa tufike kwenye fedha. Kodi ya jimbo na michango ya watazamaji ndizo nguzo zake. Iliyokuwa nguzo nyingine ni serikali ya Marekani yote, kupitia shirika la utangazaji wa umma lililotokana na sheria aliyoitia sahihi Rais Johnson mwaka 1967. Mwezi Julai 2025 Bunge la Washington lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa shirika hilo kwa miaka miwili, na mwezi uliofuata likatangaza kufunga shughuli zake. Wapo waliosema kwamba siku hizi kila mtu ana simu na intaneti, televisheni ya umma ya nini? Wanaosema hivyo aghalabu wanakaa mijini. Waya wa intaneti nao huvutwa na mfanyabiashara mwenye kuhesabu nyumba, na mawimbi ya simu nayo hukoma penye mlima. Ile hesabu ya mwanzo haijabadilika. Kilichobadilika ni chombo.

Tena kuna jambo la usalama wa familia. Mwishoni mwa Julai 2022 mvua kubwa ilinyesha usiku mashariki mwa Kentucky, vijito vikapanda ndani ya mabonde yale membamba, na watu zaidi ya 40 wakafa. Huko Marekani, minara ya televisheni ya umma imetumiwa kama njia ya akiba ya kupeleka kwenye simu tahadhari za hatari, endapo njia ya kawaida imekatika. Anayeondoa fedha za minara hiyo ahesabu na hilo.

KET bado iko hewani. Wanaotaka cheti bado wanajiandikisha, wengi sasa kwa kompyuta, na wasio na kompyuta bado wanaweza kuomba vitabu vya mazoezi vilivyochapwa.