Msikimbilie saruji kwenye dohani kongwe

Makala inaposema nyufa za dohani zizibwe kwa saruji, ningeomba parekebishwe. Dohani nyingi za nyumba kongwe za pwani ya Maine na Massachusetts, Marekani, zilijengwa kwa chokaa, na matofali yake ni laini. Upepo wa bahari hupenyeza maji ya chumvi ndani ya tofali. Chokaa huyaachia yatoke, saruji huyafungia humo. Baridi ikikaza maji yanaganda, yanatanuka kwa asilimia 9 hivi, na kinachopasuka ni tofali. Chini ya dohani iliyozibwa kwa saruji utaokota magamba mekundu, na juu utaona mistari ya saruji imetokeza, tofali limelika. Inauma kuona. Mafundi wa Lamu na Mji Mkongwe, Zanzibar, wameona maji ya chumvi yakifungiwa hivyohivyo kwenye kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa lipu ya saruji.

Badala yake, fundi achokonoe kiungo kati ya matofali kwa kina cha angalau mara mbili ya upana wake, ajaze chokaa na mchanga. Kofia ya dohani iwe ya chuma cha pua. Na dohani ikaguliwe kila mwaka kabla ya kuwasha moto, maana ufa wa ndani waweza kuvujisha kaboni monoksidi vyumbani watu wamelala.