WANAWAKE WA TUNDUMA WANAFANYA KAZI, ALIYELALA NI MKUBWA!

Ndugu msomaji, kila ikifika Machi 8 tunaimbiwa wimbo ule ule. Kanga za sare zinanunuliwa, meza kuu inapambwa maua, mgeni rasmi anapanda jukwaani na kutangaza kuwa wakati umefika wa "kuwashirikisha wanawake katika uchumi". Makofi! Soda zinagawiwa, misafara inaondoka na vumbi lake.

Hebu tuulizane. Kuwashirikisha kutoka wapi? Kwani walikuwa wamelala?

Fika Tunduma alfajiri ujionee. Malori yamejipanga kwenye barabara ya TANZAM yakisubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Katikati ya magurudumu wamo kina mama na chupa za chai, maandazi na mayai ya kuchemsha. Wengine wameshika njia ya Nakonde, ndoo ya mchele kichwani, mtoto mgongoni. Kule Mbozi wenzao wanachuma kahawa, ambayo siku ya malipo mara nyingi ina jina la baba mwenye nyumba. Momba wamo kwenye matope ya mpunga. Hao ndio wanaosubiri kushirikishwa?

Wahindi wana tatizo la aina nyingine. Uchumi wao ulikwenda mbio, lakini takwimu zao za mwaka 2017-18 zilionesha kuwa hata robo ya wanawake wao hawakuwamo katika nguvu kazi. Wana haki ya kujiuliza watawatoaje nyumbani. Sisi wetu wametoka zamani! Swali letu ni kwa nini mtu anatoka usiku, anarudi usiku, na bado hana kitu. Julai 2020 Benki ya Dunia ilitutangaza nchi ya uchumi wa kati, wakubwa wakacheza ngoma. Mwenye ndoo ya mchele aliisikia hiyo ngoma redioni, basi.

Tuseme la mpaka, maana hapo ndipo penye kidonda. Oktoba 2019 marais wawili, Magufuli na Lungu, walizindua kituo cha huduma za pamoja cha Tunduma na Nakonde. Jambo jema, hatubishi. Lori lina wakala wa forodha, lina nyaraka, lina kampuni. Ndoo ina nani?

Mama wa Namanga anayevusha vitunguu kwenda Kenya, kama mzigo wake hauzidi dola 2,000, anaweza kujaziwa cheti chepesi cha uasili wa bidhaa pale pale mpakani. Huo ni utaratibu wa Afrika Mashariki, na Zambia haimo. Mama wa Nakonde akipeleka bidhaa Malawi, COMESA ina utaratibu wake wa wafanyabiashara wadogo. Sisi tulijitoa COMESA mwaka 2000! Kwa hiyo mama wa Tunduma anayekwenda Nakonde, mwendo wa dakika chache kwa miguu, haguswi na huu wala ule. Utasema SADC tumo wote. Ni kweli, lakini taratibu za SADC ziliandikwa kwa mwenye kontena. Huyu anabaki na njia ya panya, ambako hukutana na mgambo, na akikutana naye huchagua moja: kitu kidogo au mzigo uende.

Na usidhani serikali haijui biashara ya nafaka na Zambia. Mwaka 2024, ukame ulipoipiga nchi hiyo, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula uliingia mkataba wa kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Tani laki sita na nusu zilipangiwa kalamu, mihuri na wakubwa wa kupeana mikono. Debe moja la mahindi kichwani mwa mwanamke linaitwa magendo.

Mikopo je? Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na asilimia 4 ni ya wanawake. Hela hiyo inatokana na ushuru wao wenyewe wa sokoni, si hisani ya mtu! Mwaka 2023 mikopo ikasimamishwa baada ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu kufichua mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Ikarudi mwaka 2024. Katika kipindi chote hicho nani aliumia? Mwenye kikundi hewa alikuwa amekwisha kula. Mwenye kikundi cha kweli alikwenda kwa mkopo wa mtaani, ule wanaouita kausha damu.

Sheria ya kazi inampa mwajiriwa aliyejifungua siku 84 za likizo yenye malipo. Mwenye chupa ya chai hana hata moja. Tangu Machi 2021 Ikulu ina mwanamke, na wapambe wanatuambia hilo linatosha. Linamtosha nani pale stendi?

Msomaji wa Tunduma, diwani wako akiitisha mkutano usimuulize habari za uwezeshaji, atakuchezea maneno hadi jua lizame. Muulize cheti chepesi cha mwenye ndoo kitapatikana lini pale mpakani. Muulize majina ya vikundi vilivyokopeshwa yatabandikwa lini ukutani mwa ofisi ya kata, na kiasi walichopewa. Usikae mpaka ajibu.