FEDHA IMFUATE MTU, SI NYUMBA

Yuko mtu mmoja katika miji yetu ya Mbeya na Iringa ambaye daftari za nchi hazimwoni sawasawa, nasi tushikao kalamu yatupasa kumsemea. Mtu huyo ni kijana mwenye ulemavu aliyeacha kwao Rungwe, Kyela au Mbarali, akaja mjini kujifunza ufundi ama kutafuta kazi, akapanga chumba pale Soweto.

Huko kwao hakuwa na mali, lakini alikuwa na watu. Asiyeweza kutembea alitekewa maji na nduguye. Asiyeona aliongozwa njia na shangazi. Asiyesikia alikuwa na mama ajuaye ishara zake. Msaada huo haukuandikwa katika hesabu yo yote, maana ndugu hatoi stakabadhi. Afikapo Soweto, kila jambo lina bei yake. Maji huyanunua, na mchukuzi humlipa. Wenzake huenda Mwanjelwa kwa miguu. Yeye mwenye kiti cha magurudumu, njia zikiwa tope wakati wa mvua, hana budi kulipa bajaji kwenda na kurudi. Basi kijana huyu hutumia zaidi ya wenzake, na bado hajala.

Je, nchi haina msaada? Unao, nasi twaushukuru. TASAF hutoa ruzuku kwa kaya maskini. Lakini huandika kaya, wala si mtu mmoja mmoja. Kijana akiondoka, fedha hubaki nyumbani, na kupata kwake hutegemea huruma ya wazazi ambao nao hawakushiba. Tena Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Jambo hili liliingizwa katika sheria mwaka 2018, mikopo ikasitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Lakini mkopo ni deni, na deni halikuwekwa lilipe kodi ya chumba. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkopo ndio jembe. Bali mkulima asiye na chakula huliuza jembe lake kabla mvua haijanyesha.

Wako wasemao ya kuwa kumpa kijana fedha ni kumfundisha uvivu. Hao na watazame Iringa. Pale Neema Crafts, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana, kazi ilianza mwaka 2003 na vijana 3 viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Kazi ikakua, na wengi wenye ulemavu wakapata ufundi na ujira. Bidii walikuwa nayo tangu zamani. Walichokosa ni pa kuanzia.

Wengine husema haiwezekani kumlipa mtu kwa jina lake mwenyewe. Zanzibar imeweza. Tangu mwaka 2016 kila mzee aliyetimiza miaka 70 amekuwa akilipwa pensheni, mwanzoni shilingi 20,000 kwa mwezi, pasipo kuulizwa nyumba yake ina nini.

Kwa hivi twaiomba Serikali iweke posho ya kila mwezi kwa kijana mwenye ulemavu anayesoma au anayeanza kazi mbali na kwao, kwa jina lake, mpaka atakapoweza kujitegemea. Tena Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, imwagizayo mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi kuwa wenye ulemavu wasipungue asilimia 3, isomwe katika kila ofisi, na ofisi zetu ziwe za kwanza kujihesabu.

Wanachama wenzetu, jambo hili si geni kwetu. Makarani na waalimu walioanzisha chama cha watumishi Waafrika pale Tanga mwaka 1922, pamoja na Martin Kayamba, walijua maana ya kuishi kwa mshahara mahali pasipo shamba la baba. Hata leo mtumishi akihamishwa hudai gharama za uhamisho, wala hatuziiti sadaka. Twaziita haki, kwa kuwa ugeni una gharama. Basi tusimhesabie kijana huyu kuwa ni ombaomba akiomba lile lile.

Na hata kabla Serikali haijajibu, liko lililo mikononi mwetu. Ajapo dirishani, tumweleze siku ile ile karatasi zote zitakiwazo, tuandike mahali akaapo sasa, wala si kijiji alichotoka, na faili lake tulimalize. Kwa mtu mwingine "njoo kesho" ni neno tu. Kwake yeye ni nauli ya bajaji mara mbili, na pengine ndiyo chakula chake cha siku.