Kujisikia Mzima Si Sababu ya Kuchelewesha Dawa

Seli ya mwili hufa kwa njia zaidi ya moja, na namna inavyokufa ina uzito. Kimeng'enya kiitwacho kaspasi-3 huiua kwa utulivu. Mabaki yake humezwa na seli jirani bila kuzua mchochota. Kaspasi-1 huifanya seli itoboke, ipasuke na kumwaga kemikali zinazoita askari wengine wa kinga. Dhidi ya bakteria, wito huo huokoa maisha.

Katika VVU, wito huo hugeuka mtego. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walionesha kwamba, katika tishu za limfu, CD4 nyingi zinazokufa huuawa na kaspasi-1 kabla virusi havijazaliana ndani yake. Mchochota unaofuata huvuta CD4 nyingine papo hapo penye hatari.

Kwa hiyo mgonjwa asemaye, "Nitaanza dawa nikidhoofika," amekosea. Mhudumu anayemkubalia amekosea zaidi. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani hupendekeza ARV kwa kila mwenye VVU, bila kujali idadi ya CD4. ARV hazimalizi mchochota wote, lakini huvizuia virusi vinavyouchochea. Anayengoja dalili hungoja hasara.