Mzizi wa mtoto umechimbwa wapi?

Mtoto analia usiku, anakunja miguu, tumbo limejaa. "Mchango huo," anasema bibi, na asubuhi mzizi unachimbwa, unachemshwa, mtoto ananyweshwa kijiko kimoja kimoja. Kila mtu nyumbani huuliza ni mzizi wa mti gani. Ni wachache wanaouliza umechimbwa wapi, na kwa mzazi wa Mpanda swali hilo la pili ni zito kuliko la kwanza.

Ardhi ya Katavi ina madini. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa kwa sababu ya mgodi wa risasi, ile metali nzito. Siku hizi wachimbaji wadogo wanatafuta dhahabu sehemu kama Dirifu na Ibindi. Kwa kawaida, katika uchimbaji wa aina hii, jiwe husagwa kwenye karasha, unga huoshwa mwaloni na kuchanganywa na zebaki, kisha zebaki huchomwa ibaki dhahabu. Moshi na vumbi hutua kwenye majani ya jirani. Marudio yakiachwa wazi, mvua huyashusha mabondeni, kwenye udongo huo huo unaoota mlonge na kivumbasi.

Zebaki iliyo hewani huingia kwenye mmea zaidi kupitia majani. Risasi hukaa zaidi mizizini, na katika vumbi lililoshika jani. Kwa macho huwezi kujua. Mti unaweza kuwa na metali hizo na bado ukastawi vizuri tu. Zinki na shaba mwili huzihitaji kwa kiasi kidogo, lakini risasi na zebaki hauna kazi nazo.

Wengi hutegemea kuchemsha. Moto huua vijidudu, ila metali haiungui, na maji yakipungua sufuriani dawa huzidi kukolea. Kuosha majani kunasaidia kutoa vumbi, hakutoi kilichokwisha kuingia ndani.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, vumbi la mawe ya dhahabu yenye risasi liliua mamia ya watoto. Kule chanzo kilikuwa kusaga mawe karibu na makazi, si mitishamba, lakini sumu ni ile ile.

Na dalili zake? Tumbo kuuma, choo kigumu, kukosa hamu ya kula, upungufu wa damu, mtoto kuwa msumbufu. Yaani karibu kila kitu ambacho nyumbani huitwa mchango. Hapo ndipo mama anaweza kuongeza vijiko vya dawa ile ile inayomuumiza mwanawe.

Bibi hana haja ya kuacha miti yake. Achimbe mbali na mialo, karasha, gereji na majalala, na anayenunua sokoni amuulize muuzaji ilikotoka. Tumbo la mtoto likiendelea kusumbua, mama aende naye kituo cha afya, abebe kipande cha mzizi uliobaki, na amwambie daktari kama nyumbani kuna mtu anayerudi na nguo za machimboni.