Nafasi ya barabara ni ya nani?



Pita asubuhi katikati ya mji na uangalie. Jeep ya ofisi imesimama kwenye kivuli tangu saa mbili, itatoka saa kumi. Haijalipa hata franga moja. Pembeni, motari amesimama dakika mbili kushusha mama na mfuko wake wa bunga. Polisi wa barabara ameisha kumfikia: "Toa kitu!"

Wengi wetu ni huyo motari. Tulisoma, tukapata dipolome, kazi haikuja, tukapanda moto.

Tufanye hesabu. Mutuka moja ikisimama inakula karibu meta 12 za mraba. Hapo pikipiki tano zinapata nafasi, ao bamama watatu wanauzisha nyanya. Udongo huo ni wa raia wote. Ukimpatia mwenye mutuka bure, na ukamfukuza motari na taksi-bisi, unamfundisha kila kijana kwamba bila mutuka yeye si mtu. Mwenye uwezo ananunua, mji unazidi kujaa. Asiye na uwezo anaenda kwa miguu, na pale makamio ya shaba na kobalti yamekalia ukingo wa njia, mtoto wa shule anashuka katikati ya barabara.

Ujapani, tangu sheria ya 1962, mtu wa mjini hawezi kuandikisha gari kama hajaonyesha mahali pa kuliweka nje ya barabara. Hatusemi tugeuke Wajapani. Tunasema mwenye chombo ndiye atafute mahali pake na alipie.

Wengine watasema: munaomba kodi ingine tena? Hapana. Motari analipa tayari kila siku, mkononi, bila kitansi. Tunataka alipe pia yule anayekalia nafasi kubwa.

Na franga za kujenga zitatoka wapi? Sheria ya migodi ya 2018 imejibu. Kwa redevansi, yale malipo ambayo kampuni zinatoa juu ya madini wanayouzisha, 25 kwa mia ni ya jimbo, na 15 kwa mia ni ya miji, komini, sekta na shefferi za mahali madini yanatoka. Kolwezi, ambako watu wa Kasulo wamechimba kobalti mpaka chini ya nyumba, haiwezi kukosa meta chache za njia ya miguu.

Kwa hiyo tunadai:

1. Parkingi ya makamio nje ya mji, yenye maji, choo na taa, juu shofere naye ni mtu. Kampuni zenye mizigo zichangie.

2. Vituo vya moto na taksi-bisi vichorwe karibu na masoko na hospitali, kabla ya kufukuza mtu yeyote.

3. Mituka inayosimama siku nzima katikati ya mji ilipe, ya serikali pia. Bei ibandikwe, kitansi itolewe, franga zijenge njia za miguu.

4. Komini za Dilala na Manika zibandike mlangoni hesabu ya ile 15 kwa mia.

Usifunge barabara, usitupe jiwe. Piga picha ya mahali ambapo mtu wa miguu hana pa kupita, andika jina la avenue na saa, ututumie. Sura za watu usipige. Tutazipeleka kwa meya pamoja na barua, kwa amani, na tutarudi kuuliza jibu.

Mituka imesimama ya kutosha. Sasa raia asimame.