Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Wataalamu na Nyanda za Kaskazini

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miongo mingi, wafugaji wa maeneo kame ya Kenya wamewapokea wageni wa aina moja: wataalamu. Wapo madaktari wa mifugo, maafisa wa wanyamapori, wa misitu na wa kilimo, pamoja na wagawaji wa chakula cha msaada. Ni jambo lisilopingika kwamba wengi wao wana elimu na nia njema. Hata hivyo, swali ambalo makala haya yanakusudia kulijibu ni hili: je, mwenyeji amepona?

Tuanze na mathenge. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mti huu uliotoka Marekani ya Kusini ulipandwa Baringo ili uzuie jangwa na kuwapa watu kuni. Nia ilikuwa njema, lakini mti ulienea ukayameza malisho. Maganda yake matamu yakawaozesha mbuzi meno. Mwaka 2006, Wailchamusi waliishtaki serikali, na miongoni mwa vidhibiti walivyovifikisha mahakamani Nairobi alikuwamo mbuzi kibogoyo. Wapo waliocheka. Mimi sioni cha kucheka. Jamii ambayo kauli yake haikusikizwa mti ulipopandwa ililazimika kumtumia mbuzi asiye na meno aiseme kwa niaba yake.

Sasa tutazame upande wa pili wa sarafu. Sotoka, maradhi yaliyofyeka ng'ombe na nyati barani Afrika tangu karne ya 19, yalitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Kisa cha mwisho kujulikana kilipatikana mwaka 2001 kwa nyati wa Mbuga ya Kitaifa ya Meru, papa hapa kwetu. Ushindi huo haukuletwa na maabara pekee. Chanjo isiyoharibika upesi kwa joto ilipopatikana, wafugaji wa Pembe ya Afrika walifunzwa kuichanja mifugo yao wenyewe, nao madaktari wakaketi chini na kuuliza wazee waliyaitaje maradhi hayo na waliyaona wapi. Mtaalamu alikuja na dawa, mwenyeji akaja na maarifa. Ng'ombe akapona, na nyati akapona.

Tofauti ya visa hivi viwili, kwa maoni yangu, ni lugha. Sikusudii sarufi, bali ule utayari wa kumsikiliza mtu kwa maneno yake mwenyewe. Waborana wa Isiolo wana dedha, baraza la wazee linaloamua malisho yapi yaliwe wakati wa masika, yapi wakati wa kiangazi, na yapi yaachwe kabisa hadi ukame mkali. Wanaye pia aba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha kisimani. Hiyo ni hifadhi ya mazingira na ni ghala la chakula kwa wakati mmoja, maana nyasi zikiisha, maziwa nayo huisha. Mtaalamu asiyeyajua maneno hayo huona nyika tupu isiyo na mwenyewe, kisha huichorea ramani mpya.

Matokeo tumeyaona. Mnamo Januari 2025, mahakama mjini Isiolo iliamua kuwa hifadhi mbili za wanyamapori zilianzishwa kinyume cha sheria katika ardhi ya jamii, na miongoni mwa kasoro ilikuwa kutowashirikisha wananchi ipasavyo. Aidha, ukame wa 2020 hadi 2023, mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, uliangamiza zaidi ya mifugo milioni 2 nchini. Katika hali kama hiyo, kosa la kufunga malisho ya akiba si kosa la karatasi. Ni mtoto kulala bila maziwa.

Huenda msomaji akauliza: hayo yanamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili? Yanamhusu sana. Ripoti nyingi kuhusu kaskazini huandikwa kwa Kiingereza na kusomwa Nairobi na ng'ambo. Aliyeandikwa habari zake hazisomi. Sisi tunaosomea tafsiri na ukalimani tuna kazi hapo. Lakini tusijidanganye. Kwa mzee wa Marsabit au Turkana, Kiswahili nacho ni mgeni. Kitakuwa daraja iwapo tu kitapokea istilahi za Kiborana, Kirendile, Kisamburu na Kiturkana badala ya kuzifuta. Kwa nini dedha lisiingie katika kamusi zetu jinsi yalivyoingia maneno ya Kiarabu na Kireno?

Natoa rai, basi, kwamba vyuo vyetu vimlazimu kila anayesomea uhifadhi, mifugo au lishe kujifunza lugha moja ya wafugaji kabla ya kuhitimu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kufika kisimani mwa watu na kuwafundisha kuteka maji kabla ya kuuliza kisima kilichimbwa na nani.